Daktari Kanner na Watoto Waliofungiwa Wakasahauliwa

Msafiri atokaye Eldoret kwenda Kitale hupita mji mdogo wa Moi's Bridge, pale mto Nzoia unapovukwa, mpakani mwa Uasin Gishu na Trans Nzoia. Zama za ukoloni mji huo uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi mmoja aliyejenga daraja hapo. Reli ya tawi la Kitale, iachanayo na njia kuu huko Leseru, ilifika pande hizo katika miaka ya 1920, na tangu siku hizo mahali hapo pamejulikana kwa jambo moja kubwa, nalo ni mahindi. Huku na huku ya barabara ni mistari ya mahindi, imenyooka kama safu za waumini msikitini, na maghala ya nafaka yaonekana toka mbali.

Msomaji wa Pwani huenda akajiuliza mahindi ya Moi's Bridge yanahusiana nini na daktari Myahudi aliyezaliwa Ulaya na kufia Marekani. Uhusiano upo. Katika maisha ya daktari huyo limo shamba la mahindi, na ndani ya shamba hilo yumo mtoto aliyekuwa akihesabu mistari huku akilima. Kisa cha mtoto huyo kina mafunzo kwa kila mzazi mwenye mtoto asiye kama wenziwe, na kwa kila mtu aliyefungua nyumba ya kulea watoto wa namna hiyo, awe Moi's Bridge, awe Malindi.

HALI IITWAYO USONJI

Usonji ni hali ya ubongo ambayo mtoto huzaliwa nayo. Mtoto mwenye usonji aweza kuwa mzuri wa sura, mzima wa mwili, anaona na anasikia, lakini ukimwita haitiki na ukimtazama hakutazami. Wako wasiosema kabisa. Wako wanaosema sana, ila maneno yao ni mwangwi wa yale waliyoambiwa. Wengi wao hupenda mambo yawe vile vile kila siku: kikombe kile kile, njia ile ile, kiti pale pale. Likibadilika jambo dogo, mtoto hulia kama aliyeungua. Sauti tusiyoijali sisi, kama ya mashine ya kusaga au honi ya matatu, yaweza kumtesa. Wamo katika hao wenye akili za ajabu, na wamo wasioweza kujivisha nguo hata ukubwani.

Kwetu Pwani wazee walikuwa na majibu yao. Mtoto huyo alisemwa kabadilishwa na majini, au kapatwa na kijicho, au mamake alivunja mwiko alipokuwa mja mzito. Akapelekwa kwa mganga, akafukizwa, akanyweshwa kombe. Wengine walimweka chumba cha uani, wageni wajapo wasimwone. Bara nako mambo yalikuwa hayo hayo kwa majina mengine. Tusiharakishe kuwacheka wazee hao. Madaktari wakubwa wa Ulaya na Marekani nao walikuwa wakiwachanganya watoto hawa na viziwi, na wendawazimu, na wale waliowaita wapungufu wa akili, kisha wakawatia wote katika majumba makubwa nje ya miji. Aliyekuja kuwatenga na kuwapa jina lao ni Leo Kanner.

MSHAIRI ALIYEKOSA MCHAPISHAJI

Kanner alizaliwa tarehe 13 Juni 1894 katika kijiji cha Klekotiv, karibu na mji wa Brody. Wakati ule nchi hiyo ilikuwa chini ya milki ya Austria na Hungaria. Leo ni sehemu ya Ukraine. Wazazi wake walikuwa Mayahudi, na babake alikuwa mtu wa kusoma sana vitabu vya dini yao. Mwaka 1906, akiwa kijana mdogo, alihamia Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, akasoma huko mpaka akamaliza shule ya sekondari mwaka 1913.

Moyo wake ulikuwa kwenye ushairi. Alitunga, akatamani tungo zake zichapishwe, asipate wa kuzichapisha. Waliozoea baraza za washairi wa Mombasa na Lamu wataelewa uchungu wa jambo hilo. Basi akaingia chuo kikuu cha Berlin kusomea udaktari. Haujapita muda Vita Vikuu vya Kwanza vikazuka, naye akachukuliwa katika jeshi la Austria na Hungaria, kikosi cha utabibu. Vita vilipokwisha alirudi masomoni, akapata shahada yake ya udaktari mwaka 1921, akaanza kazi katika hospitali mashuhuri ya Charité. Ajabu ni kwamba ujuzi wake wa kwanza haukuwa wa watoto wala wa akili, ulikuwa wa moyo.

Miaka hiyo fedha ya Ujerumani ilianguka vibaya sana, mtu akawa hana hakika ya mkate wa kesho. Mwaka 1924 Kanner alifunga safari na mkewe na binti yao mchanga, wakaenda Marekani. Huko alipata kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Yankton, jimbo la South Dakota, nchi ya mashamba na baridi kali. Hapo ndipo alipojifunza, kwa kuishi karibu na wagonjwa, yale ambayo hakuyasoma chuoni.

Mwaka 1928 aliitwa na Adolf Meyer, mkuu wa elimu ya magonjwa ya akili katika Johns Hopkins, mjini Baltimore. Mwaka 1930 alifungua hapo kliniki ya magonjwa ya akili ya watoto ndani ya hospitali ya watoto, jambo ambalo halijawahi kufanywa Marekani. Mwaka 1935 alitoa kitabu cha mafunzo juu ya elimu hiyo, cha kwanza kwa lugha ya Kiingereza, kikawa rejeo la madaktari kwa miaka mingi. Mtu ambaye hakuzaliwa na Kiingereza akawa ndiye mwalimu wa wenye Kiingereza chao.

KASHFA YA ROSEWOOD

Jina la Kanner lilijulikana kwa watu wote mwaka 1937, na sababu yake haikuwa usonji. Nje ya Baltimore, mahali paitwapo Owings Mills, palikuwa na jumba la serikali la Rosewood, lililofunguliwa karne ya kumi na tisa kwa ajili ya watoto walioitwa wapungufu wa akili. Kanner aligundua kwamba kwa miaka mingi wasichana na vijana wa jumba hilo walikuwa wakitolewa kwa amri za mahakama. Mwanasheria alikwenda mbele ya jaji, akadai kwamba fulani amefungiwa bila haki, jaji akaamuru aachiliwe. Ukisikia hivyo utadhani ni huruma. Kumbe nyuma yake walikuwako matajiri wa mjini waliotaka watumishi wa ndani wa bei rahisi, wasiojua kudai mshahara wala kulalamika.

Idadi ya waliotolewa namna hiyo ilikuwa 166. Kanner, pamoja na mfanyakazi wa ustawi wa jamii aitwaye Mabel Kraus, aliwafuata mmoja mmoja kuona walikofikia, na habari za zaidi ya 100 zikapatikana. Wengi walikuwa wametumiwa wakachokwa, kisha wakatupwa nje kama ufagio uliokwisha. Wengine walikuwa wamekufa. Wengine walikuwa na maradhi mabaya, wengine wameingia ukahaba, wengine wako gerezani. Kanner aliyasema hayo katika mkutano wa chama cha madaktari wa akili mjini Pittsburgh, na magazeti ya nchi nzima yakayashika.

Lugha ya taarifa ile, kama ilivyokuwa desturi ya zama zake, yaumiza masikio ya leo. Hata hivyo alilolionyesha lingali kweli. Mtoto asiyeweza kujitetea aweza kudhulumiwa kwa kufungiwa, na aweza kudhulumiwa kwa kufunguliwa, ikiwa anayemtoa hana haja naye ila ya kumtumia. Jaji alitazama mlango tu, asitazame aliyesimama nje ya mlango akingoja. Ndiyo maana makao ya watoto yapasa kuulizwa maswali mawili: mtoto anaingiaje, na anatokaje?

Miaka michache baadaye Kanner alipambana na jambo zito zaidi. Daktari mwenzake, Foster Kennedy, alitoa rai kwamba watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili wauawe kwa kile alichokiona ni huruma. Kanner alimjibu mwaka 1942 katika jarida la madaktari, akashikilia kwamba watu hao wana nafasi yao katika jamii na kwamba hakuna daktari aliyepewa haki ya kuwatoa duniani. Haya hayakuwa mabishano ya mezani tu. Wakati huo huo Manazi wa Ujerumani walikwisha kuwaua maelfu ya wagonjwa wa akili na watoto wenye ulemavu, waliochukuliwa kutoka katika majumba walimokuwa wakitunzwa. Kanner aliijua hatari ya Manazi. Aliwasaidia madaktari wengi Mayahudi kukimbia Ulaya na kupata kazi Marekani. Mmojawapo alikuwa Georg Frankl wa Vienna, aliyekuja Baltimore akiwa amekwisha kuwaona watoto wa namna hii kwao, na mchango wake katika kazi ya Kanner haukutajwa ipasavyo kwa miaka mingi.

MTOTO WA MISSISSIPPI

Mwaka 1938 Kanner alipokea barua ndefu, kurasa 33 zilizopigwa taipu, kutoka kwa mwanasheria mmoja wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Barua ilikuwa juu ya mwanawe, Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933. Mtoto huyo alikuwa na kumbukumbu ya ajabu na alipenda kuzungusha vitu, lakini hakuonyesha furaha babake arudipo nyumbani wala huzuni aondokapo. Alionekana kuwa ametosheka na nafsi yake.

Kabla ya hapo wazazi walikuwa wameshauriwa wamweke katika taasisi. Mwaka 1937, hajatimiza hata miaka minne, walimpeleka mahali pa kutunzia watoto waliohofiwa kupata kifua kikuu, kilomita nyingi kutoka kwao, wakaruhusiwa kumwona mara mbili tu kwa mwezi. Huko mtoto alinywea. Alikaa kimya bila kushughulika na lolote. Kwa wasimamizi huo ulikuwa utulivu, na wazazi walipotaka kumchukua, mkuu wa mahali hapo aliwashauri wamwache. Wazazi walikataa, wakarudi naye nyumbani, kisha wakampeleka Baltimore.

Donald akawa wa kwanza katika watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, ambao Kanner aliwaeleza katika makala aliyoitoa mwaka 1943. Makala hiyo ndiyo iliyoipa hali hii jina lake katika elimu ya udaktari. Haki itendeke: daktari mwanamke wa Kirusi, Grunya Sukhareva, alikuwa amekwisha kuandika juu ya watoto wanaofanana na hawa katika miaka ya 1920, na Hans Asperger wa Vienna alitoa yake mwaka 1944. Lakini ni makala ya Kanner iliyosomwa na ulimwengu.

Sasa tumefika kwenye shamba la mahindi. Mwaka 1942 wazazi wa Donald walimweka kwa mke na mume wakulima, yapata maili kumi kutoka nyumbani. Kanner alisafiri mwaka 1945 kwenda kumwona. Alichokikuta kilimshangaza kuliko alichokiona katika hospitali yoyote. Wakulima hao hawakuwa na elimu ya udaktari, ila walikuwa na macho na subira. Mtoto alikuwa na shauku ya kupima vitu, basi walimpa kazi ya kupima kina cha kisima. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa na kuwaleta ndani. Badala ya kumchapa walimpa kipande cha ardhi awazike huko, akawawekea alama kila mmoja. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, wakamwambia aihesabu huku akilima. Kanner mwenyewe alimwona mtoto huyo akimwongoza farasi na jembe, anageuka mwisho wa mstari, anaanza mwingine. Shule ya kijijini nayo ilimpokea na mambo yake.

Donald alimaliza sekondari, akapata shahada ya chuo cha Millsaps mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya mji wake. Alicheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake, na watu wa Forest walimjua na kumlinda. Alifariki mwaka 2023, akiwa na miaka 89.

KOSA LA DAKTARI

Kumsifu mtu bila kutaja kosa lake ni kuwanyima wasomaji nusu ya mafunzo. Kanner alikosea, na kosa lake liliwaumiza wengi. Katika maandishi yake ya mwaka 1943 alisema kwamba hali hii yaonekana ni ya kuzaliwa nayo. Lakini baadaye, hasa katika mwaka 1949, aliandika juu ya ubaridi wa wazazi wa watoto hao, kana kwamba mtoto alijifungia ndani kwa kukosa joto la mamake. Magazeti yakalidaka neno hilo. Akina mama ambao hawakulala usiku kwa miaka mingi wakaambiwa kwamba wao ndio maradhi ya watoto wao.

Wengine walikwenda mbali kumpita. Bruno Bettelheim, aliyekuwa mkuu wa shule ya bweni ya watoto wenye matatizo mjini Chicago, alitoa kitabu mwaka 1967 akidai kwamba mtoto wa namna hii hupona kwa kutengwa na wazazi. Wazazi walizuiwa wasimzoee mtoto wao, nao walimwamini kwa kuwa alikuwa mtu wa sifa. Bettelheim alipokufa mwaka 1990, baadhi ya waliolelewa katika shule hiyo walijitokeza wakaeleza namna walivyokuwa wakipigwa na kutukanwa. Bweni ambalo mzazi hawezi kuliingia, hata likiwa safi kama lulu, hakuna ajuaye mambo ya ndani yake.

Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye naye alikuwa na mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba chanzo cha usonji ni cha kimaumbile. Kanner aliandika dibaji ya kitabu hicho. Mwaka 1969, mbele ya mkutano wa chama cha wazazi huko Washington, mzee huyo wa miaka 75 alisimama akawatangazia wazazi kwamba hawana hatia. Wazazi walisimama wakampigia makofi. Si rahisi kwa bingwa kulifuta neno lake mbele ya wale lililowachoma, na wako wanaosema kwamba alichelewa sana. Yote mawili ni kweli.

HESABU YA MWISHO

Kazi ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye uzito kuliko zote aliifanya mwaka 1971, akiwa amekwisha kustaafu. Alikwenda kuwatafuta wale watoto 11 wa mwaka 1943, ambao sasa walikuwa watu wazima, kuona dunia imewafanya nini. Wawili walikuwa na kazi zao: Donald benkini, na mwingine katika ofisi, akiendesha mashine ya kunakili karatasi. Mmoja mwingine naye, aliyelelewa shambani, alikuwa amejifunza kuwa mtu wa msaada.

Lakini kadhaa kati yao walikuwa wamepitisha maisha katika majumba makubwa ya serikali. Kanner alisoma majalada yao kwa huzuni. Hao nao walipokuwa wadogo walikuwa na kumbukumbu kali, na mapenzi ya vitu fulani, na bidii ya kupigania mambo yawe watakavyo. Yote yalikuwa yamezimika. Walikaa tu. Hakuna aliyewapiga kwa lazima, wala hakuna aliyewanyima chakula. Waliwekwa pamoja na wengi, wakaangaliwa na wafanyakazi waliobadilika kila mara, hakuna aliyekaa nao muda wa kutosha kujua wanapenda nini. Kanner alihukumu kwamba kuingizwa katika majumba yale kulikuwa sawa na kifungo cha maisha.

Tofauti kati ya waliolelewa mashambani na waliozimikia wodini haikuwa dawa, kwa kuwa dawa haikuwako. Kwa sehemu kubwa ilikuwa ni mtu: mtu mmoja au wawili wanaomjua mtoto huyu kwa jina na kwa tabia, wakakaa naye mwaka baada ya mwaka, wakampa kazi inayofanana naye.

Leo Kanner alifariki tarehe 3 Aprili 1981 huko Sykesville, Maryland, akiwa na miaka 86. Jumba la Rosewood liliishi kumpita, likafungwa mwaka 2009.

TUREJEE KWETU

Katika miaka ya 1970 mtafiti Victor Lotter alizunguka miji ya nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, akichunguza watoto katika taasisi za wenye upungufu wa akili. Mwaka 1978 alichapisha aliyoyaona: usonji upo Afrika. Lakini aliwachunguza waliofikishwa katika taasisi tu. Wale wa vyumba vya uani hawakuhesabiwa na mtu. Mwaka 2003 wazazi wa Kenya walianzisha chama cha Autism Society of Kenya, na kitengo cha watoto hawa kikafunguliwa katika shule ya City Primary, Nairobi.

Fikiria basi mzazi wa Moi's Bridge. Mavuno yamefika, kila mkono unatakiwa shambani, na nyumbani ana mtoto asiyesema, anayetoroka mlango ukiachwa wazi. Mto Nzoia uko karibu, na watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji. Mzazi wa Kipini au Kizimkazi anaijua hofu hiyo, kwa kuwa yeye ana bahari. Jirani atatoa shauri, lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzazi huyo akisikia kuna makao yanayopokea watoto kama wake, ni nani atamlaumu kwa kumpeleka?

Wala makao si ya kulaaniwa ovyo. Watafiti waliowafuatilia mayatima wa Uasin Gishu tangu mwaka 2010 walikuta kwamba waliomo katika makao mara nyingi walikuwa na blanketi, viatu na nguo kuliko waliomo katika nyumba za jamaa maskini. Blanketi si kitu kidogo katika baridi ya nyanda zile. Ila kumbuka kwamba wale waliozimika katika majalada ya Kanner nao walikuwa na blanketi.

Serikali ya Kenya ilitoa kanuni za makao ya hisani ya watoto mwaka 2005 na viwango vya taifa mwaka 2013. Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya. Mwaka 2022 ilitangaza mpango wa miaka kumi wa kuwarejesha watoto katika malezi ya kifamilia, na mwaka huo huo Sheria mpya ya Watoto ikaitaja kafala kwa jina lake miongoni mwa njia za kumlea mtoto asiye na malezi ya wazazi. Hilo ni jambo la kutuhusu sisi hasa. Kafala humweka mtoto nyumbani mwa mlezi, naye akabaki na nasaba yake na jina la babake. Wakulima wale wa Mississippi hawakulijua neno hilo, lakini walilolifanya lilikaribiana nalo: walimlea mtoto wa wengine bila kumnyang'anya wenyewe.

Pakiwa hapana budi mtoto awekwe katika makao, maisha ya Kanner yametupa mambo ya kuuliza mlangoni. Kwanza, watoto ni wachache kiasi gani, na mlezi wa mwanangu ni nani kwa jina, na amekuwa hapo muda gani? Pili, naweza kuja siku yoyote, saa yoyote, bila ya taarifa? Tatu, asiyeweza kusema hufundishwa kuonyesha haja yake kwa ishara au picha, au akilia hufungwa kamba na kupewa dawa ya usingizi? Nne, anapenda nini, na mmempa kazi gani inayotokana na hilo? Asiyeweza kukujibu swali hili hajamjua mtoto. Tano, nani hukagua, na hesabu ya kila mtoto huandikwa wapi? Sita, akifika ukubwani atakwenda wapi, na kwa nani? Uingereza walilifikiria swali hilo la mwisho mwaka 1974, Sybil Elgar na wenzake walipofungua Somerset Court, makazi ya watu wazima wenye usonji, baada ya kuona watoto waliosomeshwa wanakua na hawana pa kwenda.

Waislamu hawana haja ya kufundishwa upya maana ya mambo haya. Mji wa Cairo ulikuwa na maristani ya Qalawun tangu mwaka 1284, hospitali ya wakfu iliyowapokea na wagonjwa wa akili. Wakfu una msimamizi, na msimamizi hutoa hesabu ya kila dirhamu. Haiwezekani tuwe na msimamizi wa dirhamu tukakosa msimamizi wa mtoto.

Atakayepita Moi's Bridge wakati mahindi yamesimama na aitazame mistari ile. Sisi hupita mbio tukaona majani tu. Huenda yuko mtoto nyuma ya mlango, karibu na hapo, ambaye angeweza kutuambia ni mingapi, lau angepatikana wa kumtoa nje na kutembea naye hadi mwisho wa shamba.